Hesabu ya Watu wa Ngazini

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Februari 2025, ukumbi wa ghorofa ya kwanza katika jumba la Adamji, Ganjoni, Mombasa, ulikuwa na watu kumi na tisa, mmoja wao amelala. Zilpah aliwahesabu mara mbili. Aliyelala alimtia katika hesabu, kwa kuwa desturi yake ilikuwa kuhesabu kilichopo bila kuuliza kiko katika hali gani.

Zilpah alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa akisimama kando ya meli na ubao wake, akichora kijiti kwa kila gunia lililopita, vijiti vinne wima na cha tano kikivikata vile vinne, na hakuna nahodha wala hamali aliyewahi kumshawishi aandike gunia ambalo hakuliona. Alipostaafu mwaka 2011 aliuhamishia ubao kanisani. Kila Jumapili aliwahesabu waumini watu wazima wakiingia, lakini hesabu ya daftari aliichukua wakati wa baraka ya mwisho, kwani meli, alisema, huhesabiwa ikimaliza kupakua, si ikitia nanga.

Mwaka 2014 daftari lake lilionyesha watu mia moja na arobaini. Mwaka 2019, mia moja na kumi na wawili. Mwaka 2022, sitini na mmoja. Sababu alizijua, na alikuwa ameziandika pembeni kwa penseli. Familia tisa zilihama kisiwani kufuata nyumba za bei nafuu Mikindani na Bamburi, na nauli ya kuja kumwabudu Mungu watu watano kwenda na kurudi ilikuwa sawa na unga wa siku mbili. Vijana kumi na wanne walikuwa Uarabuni wakifanya kazi. Kinanda kiliuzwa kwa kanisa moja la Kisauni, na mpiga kinanda akakifuata. Kwaya iliyobaki ilikuwa ya sauti mbili, zote za tatu.

Siku hiyo Mchungaji Jared, mtu mrefu mwenye huruma nyingi na kumbukumbu kidogo, alisoma barua kutoka makao makuu ya kanisa lao. Barua ilikuwa fupi. Mkaguzi angefika Jumapili ya tarehe tisa Machi. Tawi lolote ambalo lisingefikisha watu wazima sitini *waliopokea baraka ya mwisho kutoka kwa mchungaji wa tawi* lingefungwa, na waumini wake wangehamishiwa Likoni, ng'ambo ya feri.

Ukumbi ulinyamaza. Aliyelala akaamka, kwa maana alikuwa amezoea kulala katika kelele.

Zilpah alipiga hesabu papo hapo. Kati ya watu kumi na tisa, kumi na wawili walipita umri wa miaka sitini. Tisa katika hao walikwisha kuapa hawapandi feri tena maishani. Wa kumi alikuwa yeye mwenyewe. Makanisa mengine ya kisiwani aliyoyajua vizuri yalikuwa mawili, na yote mawili alishagombana nayo, la kwanza kwa sababu ya hesabu, na la pili kwa sababu ya hesabu. Kwa hiyo tawi hili likifungwa, Zilpah, ambaye hakuwahi kukosa ibada tangu mwaka 1994, hangekuwa na pa kwenda Jumapili. Jambo hilo aliliandika pia, kwa penseli.

Baada ya ibada, wazee wa kanisa walikaa kikao. Wazee walikuwa watatu: Mchungaji, Zilpah, na Mejumaa, mwanamke mnene wa Kiribe aliyekuwa mpishi wa shule mpaka shule ikaona watoto wanaweza kwenda kula kwao.

"Tufunge na kuomba siku ishirini na moja," alisema Mchungaji Jared.

"Mchungaji, watu wameshafunga," alisema Mejumaa. "Wanafunga tangu mwaka juzi bila kutangaziwa. Wapikieni."

"Tuwapikie nini?"

"Mahamri. Kila mmoja wetu alete kikombe cha unga. Mimi nazi ninayo, iliki ninayo, mikono ninayo."

"Watakuja kwa ajili ya tumbo, si kwa ajili ya Neno."

"Sikio liko karibu na mdomo, baba. Wakija kutafuna watasikia tu."

Mchungaji alimgeukia Zilpah. Zilpah alisema makao makuu wameuliza idadi, hawakuuliza sababu.

Jumapili iliyofuata mahamri yalitolewa kabla ya ibada. Saa tatu na dakika kumi ukumbini kulikuwa na watu thelathini na wanane. Wakati wa baraka ya mwisho walikuwa kumi na wanne. Hata watano katika wale kumi na tisa wa asili walikuwa wameshiba na kwenda zao.

"Bandarini," alisema Zilpah, "hatutoi mzigo kabla karatasi haijatiwa sahihi."

Ndipo ilipowekwa kanuni. Mahamri yangetolewa baada ya baraka, matatu kwa mtu, na kila mtu angepewa kizibo cha soda chekundu palepale kwenye kiti chake, baraka ikishatamkwa. Bila baraka hakuna kizibo, bila kizibo hakuna mahamri. Jumapili ya tarehe kumi na sita Februari, Zilpah alichora vijiti sitini na vitatu. Mchungaji Jared alilia madhabahuni. Zilpah alirudia hesabu, akapata sitini na tatu tena, akakubali.

Furaha hiyo ilidumu siku moja. Jumatatu asubuhi Mchungaji Nicodemus alipanda ngazi kuja kuwasalimu.

Nicodemus ndiye aliyekuwa na kanisa la ukumbi wa chini, Mnara wa Ushindi, ambalo halikuwa na makao makuu popote, kwa kuwa makao makuu yalikuwa yeye. Alikuwa mfupi, nadhifu, mwenye sauti iliyoweza kuvuka Kilindini bila chombo. Alimkuta Zilpah akipanga viti.

"Subulkheri, Mama Zilpah."

"Subulkheri, Mchungaji. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kwa upole. Mmeninyang'anya kondoo."

"Kondoo sijawaona. Nimeona watu, na wako walikuwa ishirini na wanane. Niliwatia alama."

"Mnawalisha nini hawa?"

"Mahamri."

"Na nini?"

"Mahamri tu."

"Makavu?"

"Makavu."

Nicodemus alitabasamu, akaaga kwa adabu, akashuka. Zilpah alilisikia tabasamu hilo likishuka naye vidato vyote kumi na vinane vya ngazi.

Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, Mnara wa Ushindi ulitoa mbaazi za nazi. Bakuli moja kwa mtu, baada ya baraka, kwa kizibo cha kijani.

Mtu aliyelelewa Mombasa hahitaji kuelezwa uzito wa tendo hilo. Hamri bila mbaazi humezwa kwa juhudi, na mbaazi bila hamri hazina cha kuchotea. Hapakuwa na njia ya tatu pia, maana mama aliyeuza mbaazi nje ya lango tangu jengo lilipopakwa rangi alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Ramadhani iko mlangoni, na mwezi mzima hatauza mchana. Waumini wa Ganjoni walipimana, wakafikiri, na kila familia, bila kushauriana na nyingine, ikafikia uamuzi uleule. Ikajigawa.

Mung'aro, dereva wa tuktuk, alikaa juu. Mkewe Joy alikaa chini. Baraka zilipokwisha kutolewa, Mung'aro alitoka na mahamri yake matatu, Joy akatoka na bakuli lake, wakakutana kwenye kidato cha tisa, wakaketi, wakala. Wengine walifanya vivyo hivyo. Juu walikuwa arobaini na tisa, chini hamsini, na ngazini wote.

"Na wewe, Mung'aro," Zilpah alimuuliza, "kanisa lako ni lipi sasa?"

"Mimi nimeokoka juu, mama. Mke wangu kaokoka chini. Tunaonana hapa katikati, ndoa iko imara."

"Imara wapi!" Joy alimkatiza. "Jana kaniambia nikae mimi juu, yeye akae huku chini kwenye feni."

Zilpah alisimama kizingitini na ubao wake, akafungua ukurasa mpya. Hakuwa na sababu ya kufanya hivyo ila mazoea. Aliona kwamba watu ambao kwa miaka walitoka ibadani wakikimbilia barabarani sasa walikaa ngazini muda wa dakika arobaini na tano. Kwenye vidato vya chini zilibadilishwa sare za shule zilizowabana watoto. Kwenye cha nane hadi cha kumi, mtu akikaa, alitajiwa nani anatafuta mtu wa kufua na nani anatafuta mlinzi, na kwamba Liwatoni wanachukua watu wa kusafisha samaki ukifika kabla ya saa kumi na mbili. Mzee mmoja aliyekosa dawa ya presha aliipata kidato cha tano, kutoka kwa mjane ambaye mumewe hakuimaliza. Haya yote yalikuwa mambo ambayo makanisa yote mawili yaliyatangaza kila wiki kuwa yanaombewa.

Tatizo lilikuwa hesabu. Tarehe mbili Machi, juu walikuwa hamsini na mmoja. Walipungukiwa na watu tisa wafike sitini, na siku zilibaki saba.

"Tuziombe familia zikae juu zote, siku hiyo moja tu," alisema Mchungaji Jared.

Zilpah alilipeleka ombi hilo kwa Mung'aro.

"Na mbaazi zitaletwa na malaika?" aliuliza Mung'aro. "Kizibo cha kijani hakitoki mpaka mtu uonekane chini, mama. Yule Nicodemus kawa kama nyinyi."

Jumatano Mchungaji Jared alikuja na wazo jingine. Alikuwa amezungumza na Nicodemus, na Nicodemus alikuwa tayari kuwaazima watu ishirini, saa moja tu, kwa sharti kwamba Jared akiri mbele ya mashahidi kuwa mahubiri ya chini yana moto zaidi.

"Na umekiri?"

"Nilisema nitaomba kwanza."

"Sitawaandika," alisema Zilpah.

"Mama Zilpah! Ni saa moja!"

"Gunia la kuazima lina alama ya mwenyewe. Ukiligeuza alama isionekane, huo ni wizi, hata ukilirudisha."

"Bwana aliwalisha watu elfu tano, mama, hakuuliza wa kanisa gani."

"Na kuna mtu aliyewahesabu, Mchungaji. Ndiyo maana tunajua walikuwa elfu tano."

Mchungaji alishika kichwa. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwambia kwamba feri ya Likoni siku hizi imepakwa rangi mpya. Zilpah hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi alifungua daftari, akatazama ile sentensi ya penseli kwamba hangekuwa na pa kwenda, akaisoma yote, akalifunga.

Mkaguzi alifika tarehe tisa Machi, saa tatu kasoro dakika kumi. Aliitwa Ronny. Alikuwa na shati jeupe, fomu ndani ya mfuko wa plastiki, na tumbo tupu, maana alikuwa amepanda feri ya saa mbili asubuhi kutoka Likoni bila kunywa chai. Kisiwa kilikuwa katika mfungo siku yake ya tisa au ya kumi, kutegemea ni nani umemuuliza, na vibanda vyote vya njiani alivikuta vimefungwa.

"Nasikia harufu ya iliki," alisema.

"Baada ya baraka," alisema Zilpah.

"Hata mkaguzi?"

"Mkaguzi ana kizibo?"

Ronny aliketi kiti cha nyuma kando yake. Alikuwa kijana mstaarabu, akahesabu kwa kidole huku akitikisa midomo. Zilpah aliona kwamba alihesabu safu ya tatu mara mbili, lakini akanyamaza, kwa kuwa wakati wa kuhesabu ulikuwa haujafika.

Saa nne unusu Mchungaji Jared alimaliza mahubiri. Watu walikuwa hamsini na wawili. Alimtazama Zilpah, naye akainua vidole vitano, kisha viwili. Mchungaji alifungua mdomo kutoa baraka, akaufunga.

"Kabla hatujaachana," alisema, "tuimbe."

Wakaimba beti sita. Zilpah akainua vidole vilevile.

"Na kabla hatujaachana," alisema Mchungaji, "kuna matangazo."

Kwa kawaida matangazo yalikuwa mawili. Siku hiyo yalikuwa kumi na moja, pamoja na moja la mwaka uliopita. Mchungaji alikuwa akichelewesha ibada kwa matumaini kwamba watu wanane wangeingia kutoka mahali fulani. Hakueleza ni wapi.

Asichokijua ni kwamba chini nako walikuwa wanachelewa. Desturi ya Mnara wa Ushindi ilikuwa kwamba mpishi, aliyepikia uani, aligonga mfuniko wa sufuria mara tatu mbaazi zikiiva, na Nicodemus hapo hapo alikamilisha wazo lake na kutoa baraka. Mahubiri ya chini yalipimwa kwa mbaazi. Siku hiyo mbaazi zilikuwa za zamani, zilizopatikana rahisi sokoni kwa sababu hiyohiyo, na zilichemka tangu alfajiri bila kulainika. Mfuniko ulinyamaza. Nicodemus alikwisha kuhubiri kuanzia uumbaji mpaka Ufunuo, na sasa alikuwa amerudi tena kwa Nuhu, sauti imemkauka.

Saa tano kasorobo, Mung'aro aliinuka taratibu, akatoka kwenda kuangalia kama Joy ameshatoka. Chini, Joy alikuwa ameshainuka kwenda kuangalia kama Mung'aro ameshatoka. Hawakurudi. Waliobaki waliwaona hawarudi, wakadhani kumekucha huko ngazini na wao wanapitwa. Saa tano kasoro dakika tano, ukumbi wa juu ulikuwa na watu thelathini na mmoja. Saa tano na dakika mbili Zilpah alipita kati ya viti mpaka madhabahuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa ibada tangu mwaka 1994, na akamnong'oneza mchungaji.

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa gani?"

"Watu. Mmoja amelala."

Mchungaji Jared alitazama viti kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Wengine wako wapi?"

"Ngazini. Umewasubiri mpaka wameondoka."

Mchungaji alishuka madhabahuni akaenda mlangoni kwa hatua ndefu, Zilpah nyuma yake, Ronny nyuma ya Zilpah na fomu yake. Pale kizingitini wote watatu walisimama, kwa sababu hapakuwa na pa kuweka mguu. Ngazi ilijaa tangu juu mpaka chini, watu watatu watatu na wanne wanne kwa kidato, na wengine wameegemea ukuta. Juu kabisa alisimama Mejumaa na beseni la mahamri limefunikwa kitambaa, amelikumbatia kama mtoto.

"Sitoi!" alikuwa akisema. "Vizibo viko wapi? Hamna vizibo. Kwa nini? Hamna baraka. Msiniangalie mimi, mwangalieni Mama Zilpah, kanuni ni yake."

"Jamani rudini ndani, nitoe baraka!" alisema Mchungaji Jared.

"Nikirudi juu nitajuaje chini wametoka?" alisema mtu.

Chini kabisa, Nicodemus alitokeza na leso shingoni, akawaita wake. Alifungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Joy alimwambia akae, ajihurumie.

Ni hapo sauti nyingine iliposikika kutoka kidato cha nne.

"Nipisheni, jamani, nipite!"

Alikuwa Adamji mwenyewe, mwenye jumba. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, kofia yake nyeupe yenye uzi wa dhahabu kichwani, kikapu cha tende na ndimu mkononi, na kwake kulikuwa ghorofa ya pili. Alikuwa ametoka Mji wa Kale kwa miguu, amefunga, na goti lake la kulia lilikuwa halikubali kusimama mahali pamoja.

"Bi Zilpah!" aliita. "Wewe mtu wa hesabu. Nimesimama hapa dakika ngapi?"

Zilpah alitazama saa. "Kumi na mbili, bwana Adamji, kama ulikuwepo tulipofika mlangoni."

"Nilikuwepo zamani! Hawa wanangoja nini kwenye ngazi yangu?"

"Baraka."

"Na baraka haitoki kwa nini?"

Jibu lilikuwa refu. Adamji alimtazama Jared juu, akamtazama Nicodemus chini.

"Wachungaji wawili," alisema. "Wawili! Na hamna baraka moja? Hebu wabarikini hawa watu nipite, yakhe. Goti langu halina dhehebu."

"Nitaanza mimi," alisema Jared.

Nicodemus alitikisa kichwa, akajionyesha kwa kidole.

"Anzeni pamoja!" alisema Adamji. "Wewe wa juu sema kutoka juu, wewe wa chini sema kutoka chini. Mimi niko katikati. Nitawaambia kama yamekutana."

Wale waliobaki ukumbini walisogea mpaka kizingitini kuona kulikoni. Aliyelala alikuja wa mwisho, ameamshwa na kimya. Mchungaji Jared aliinua mikono. Chini, Nicodemus aliinua ya kwake. Watu wakainamisha vichwa, na baraka ikatolewa kwa sauti moja nzito na moja iliyokauka, kwa maneno yaliyofanana mpaka karibu na mwisho, ambapo Nicodemus aliongeza habari ya ushindi. Zilpah hakuinamisha kichwa. Alikuwa akichora.

"Mia moja na nne," alisema Ronny, akishusha kidole.

"Mia moja na wawili," alisema Zilpah.

"Nimehesabu vizuri, mama."

"Umemhesabu bwana Adamji."

"Mimi nitoeni," alisema Adamji. "Nina hesabu yangu kwingine."

"Mia na watatu basi."

"Na umejihesabu mwenyewe."

"Lakini nami nimebarikiwa!"

"Umebarikiwa. Lakini wewe ni wa Likoni."

Watu walicheka mpaka chini. Ronny naye alicheka kidogo, kisha akakumbuka kazi yake, akaitoa fomu mfukoni na kuwauliza watu wa vidato vya juu wao ni wa kanisa gani. Mung'aro alisema yeye ni wa juu. Joy, begani kwake, alisema yeye ni wa chini. Mtu wa tatu alisema yeye ni wa hapa tu, akapiga kidato alichokalia.

"Fomu hii ina mstari mmoja," alisema Ronny. Alisoma kwa sauti: "Watu wazima waliopokea baraka ya mwisho kutoka kwa mchungaji wa tawi."

Mchungaji Jared alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

"Mama Zilpah," alisema Ronny, "wewe ndiye karani. Wamepokea, hawakupokea?"

"Wamepokea," alisema Zilpah. "Wote mia moja na wawili. Nimewaona."

Mchungaji Jared alishusha pumzi.

"Ila kuna sehemu ya maelezo," aliendelea Zilpah. "Andika hapo. Wamebarikiwa na wachungaji wawili kwa wakati mmoja. Wamebarikiwa ngazini. Na hamsini kati yao ni wa kanisa la chini."

"Mama Zilpah!" alisema Mchungaji Jared, sauti yake imepanda mpaka sauti ya kwanza ya kwaya.

"Lazima iandikwe, Mchungaji. Alama ya gunia ikionekana, hakuna aliyeibiwa."

Ronny alimtazama Zilpah, akaitazama ngazi iliyojaa watu wasio na haraka, akalitazama beseni. Aliandika maelezo yote kama alivyoambiwa, akauliza jina la Nicodemus linavyoandikwa. Halafu alirudi kwenye mstari wa juu, akaandika 102.

"Maelezo watayasoma," alisema. "Lakini uamuzi hufanywa kwa mstari wa kwanza, na mimi ndiye niliyepewa muhuri. Tawi limetimiza."

Aligonga muhuri juu ya goti lake, akatia sahihi, akampa Zilpah kalamu. Zilpah aliisoma fomu mbele na nyuma. Alisahihisha tarehe, kwa kuwa Ronny alikuwa ameandika tarehe kumi, kisha akatia sahihi yake.

Vizibo viligawiwa mkono kwa mkono kushuka chini, vyekundu kwa wote, mpaka vikaisha, na waliokosa wakaandikwa ubaoni. Mejumaa alifunua beseni. Ronny alipewa mahamri mawili, akayala makavu kwenye kidato cha kumi na nne, akaomba maji. Watu walijibana upande wa ukuta, na saa tano na dakika ishirini na sita Adamji alifika mlangoni kwake, akafungua, akaingia.

Mbaazi ziliiva saa sita na dakika kumi. Mfuniko uligongwa mara tatu, na Zilpah akaiandika saa hiyo.